Hukumu ya Talaka Haifungi Maisha ya Mtoto

Kuanzia Tegeta Nyuki hadi Kibaoni, na kupanda mpaka Wazo na Madale, kuna sheria moja ambayo karibu kila mtu anaijua na ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria za Tanzania: mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba. Husemwa saluni, husemwa kijiweni pa bodaboda, husemwa kwenye vikao vya ukoo. Wapo wanawake walioachika ambao siku ya kuzaliwa ya mtoto ikikaribia hukosa usingizi. Wapo na wanaume wanaosimamisha matunzo wakiwa na hesabu moja tu kichwani, kwamba mwaka wa saba ukifika watakwenda kumchukua mtoto na deni litakuwa limekufa lenyewe.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliisikia sheria hiyo ikitamkwa mlangoni kwao mwaka 2019. Dada yake mkubwa alikuwa ameachana na mumewe mwaka 2015, baada ya baraza la usuluhishi la kata kushindwa kuwapatanisha na Mahakama ya Mwanzo kuivunja ndoa. Hukumu ilimwachia mama watoto wawili, binti wa miaka minane na mvulana wa miaka mitatu. Baba aliamriwa atoe shilingi 120,000 kila mwezi na akaruhusiwa kuwaona watoto Jumamosi. Dada akarudi kwa mama yao Tegeta, akafungua genge la mboga na matunda, na pande zote mbili zikaamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mvulana alipotimiza miaka saba, baba yake alifika na bodaboda asubuhi ya siku ya kazi. Bibi ndiye aliyefungua geti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Karibu.”

“Nimemfuata kijana. Ametimiza saba, sasa ni zamu yangu.”

Bibi hakupandisha sauti. Alimwambia mkwewe huyo wa zamani kwamba mtoto yuko shule, kwamba chakula kipo na anaweza kukaa akamsubiri, ila kuondoka naye kunataka karatasi ya hakimu. Baba alipanda pikipiki akaondoka. Wiki chache baadaye ukaja wito wa mahakama, na nyumba nzima ikakasirika. Mwandishi bado anaamini kwamba hilo ndilo jambo jema kuliko yote ambayo mwanaume yule aliyafanya tangu talaka. Angeweza kumvizia mtoto njiani akampakia kwenye bodaboda, kama wafanyavyo wengi. Badala yake alikwenda kuomba mahali panapoombwa.

Hapo inafaa kuifungua sheria yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaja kweli miaka saba, katika kifungu cha 125. Inasema ichukuliwe kwamba mtoto aliye chini ya umri huo ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi. Hakuna neno lolote kuhusu mtoto kuhamia kwa baba siku anapouvuka umri huo. Tena kifungu hichohicho kinamtaka hakimu akumbuke madhara ya kumtoa mtoto mkono huu na kumpeleka mkono ule. Kwa mtoto wa umri wowote, kinachotangulia ni ustawi wake. Kisha hutazamwa matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni kwa uhuru, na mila za jamii wanayotoka.

Wengine huichukua hesabu ya saba kutoka katika fikihi, ambako wanazuoni wa madhehebu ya Shafi huutaja kuwa ndio umri wa mtoto kuanza kupambanua. Lakini hata huko mtoto hapewi baba kama haki iliyoiva, huulizwa achague. Wengine huitoa katika mila. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa baba, liliwaweka watoto upande huo. Sheria ya 1971 ilipokuja haikuifuta mila. Iliiweka chini ya ustawi wa mtoto, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Kisha kuna kifungu cha 133, ambacho mwandishi hakuwahi kumsikia mtu wa Tegeta akikitaja kijiweni. Kinaipa mahakama uwezo wa kubadilisha au kufuta amri ya malezi au ya matunzo wakati wowote, na kufanya hivyo tena na tena kila inapobidi, kwa ombi la mtu yeyote mwenye maslahi. Milango ya kupitia ni miwili. Ama amri ilitolewa kwa kudanganywa au kwa kukosea ukweli, ama hali imebadilika kwa kiasi kikubwa tangu siku ilipotolewa.

Hili linawachanganya watu kwa sababu kesi nyingine za talaka huwa na mwisho. Tanzania nzima inalijua jina la Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake dhidi ya Ally Sefu iliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 na kutambua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nyumba ikishagawanywa na rufaa zikaisha, imegawanywa. Mtalaka hawezi kurudi baada ya miaka minne akasema sasa bei ya kiwanja imepanda, tugawane upya. Amri ya mtoto ni ya namna nyingine, na sheria inaiacha wazi kwa makusudi. Hakimu wa mwaka 2015 aliwaona watoto wa miaka minane na mitatu. Hakuwaona wale wa mwaka 2019.

Mahakamani, baba alikuwa na hoja. Alikuwa amepanga nyumba Chamazi, ameoa, na aliamini kijana wake anahitaji kukua karibu na mwanaume. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Mtoto anaamshwa na nani? Akiugua usiku anapelekwa hospitali na nani, kwa usafiri gani? Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Baba hakulijua jina la mwalimu. Mama naye alikwama alipoulizwa ni lini mara ya mwisho mtoto alilala kwa baba yake, kwa sababu tangu ndoa ivunjwe alikuwa hajawahi kulala huko hata siku moja.

Sheria inamtaka hakimu, kila inapowezekana, apate ushauri wa mtu mwenye ujuzi wa masuala ya watoto, ingawa halazimiki kuufuata. Suala likapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Dada alisugua sakafu kutwa nzima akidhani atakaguliwa usafi. Afisa alipofika hakushughulika na sakafu. Aliomba aoneshwe kitanda cha mtoto, akakiinua chandarua kwenye mwanga kutazama kama kina matundu. Akachukua daftari la hisabati, akafunua kurasa za nyuma kuona saini ya nani iko chini ya kazi za nyumbani. Akamuuliza bibi dawa zake za presha anaziweka wapi, kama mtoto anazifikia. Mwisho alitembea na mvulana hadi shuleni, akasimama naye kando ya Barabara ya Bagamoyo wakati malori ya saruji yanashuka kutoka Wazo, apate kuona anavukaje na nani anamshika mkono. Chamazi nako alikwenda akauliza hayohayo.

Mvulana alizungumza na hakimu chemba, wazazi wakiwa nje. Alisema anataka kubaki alipo, karibu na dada yake na shule yake. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba anataka pia kulala kwa baba kwa sababu baba anajua kutengeneza redio na alimuahidi kumfundisha.

Uamuzi ulimwacha mtoto kwa mama. Hakimu alizingatia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema ni vema ndugu wasitenganishwe na malezi ya mtoto yasikatizwe. Lakini Jumamosi zikageuka kuwa wikiendi mbili kamili kila mwezi, na likizo ndefu za Juni na Desemba zikagawanywa nusu kwa nusu. Baba alikosa alichokiomba, akaondoka na kingi kuliko alichokuja nacho. Na nyumba ya Tegeta, ambayo ilikuwa imejiandaa kusherehekea ushindi, ikalazimika kumfungia mtoto begi Ijumaa ya kwanza.

Hilo ndilo funzo ambalo familia ilichelewa kulielewa. Anayekwenda kubadilisha amri hapeleki kesi ya ndoa. Anapeleka maisha ya mtoto. Yule aliyeachwa kwa dharau anaweza asimjue mwalimu wa mtoto, na yule aliyevunja nyumba anaweza kuwa ndiye anayeujua muda wa dawa ya kifua. Mahakama haitoi mtoto kuwa zawadi kwa aliyeonewa.

Malezi yakikaa sawa, matunzo ndiyo huchakaa haraka. Nchi hii ina historia chungu ya kiwango kisichotikisika. Kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ukabaki kitabuni mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja kuifuta sheria hiyo. Mama wa miaka ya 2000 aliweza kushinda kesi yake, akatoka mahakamani na matunzo ya mwezi mzima yasiyotosha nauli ya daladala ya kurudia nyumbani. Sheria mpya haikuweka kiwango. Inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Inasema pia kwamba wazazi wakitengana, mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla.

Zile shilingi 120,000 za mwaka 2015 zilikuwa fedha ya maana. Januari 2016 zikapata nafuu, kwani Serikali iliondoa ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne katika shule zake. Baadaye mzigo ukarudi kwa njia nyingine. Binti aliingia kidato cha kwanza mwaka 2021, na shule ya sekondari isiyo na ada bado ina sare, madaftari, chakula cha mchana, nauli na mitihani ya majaribio. Mvulana alipata matatizo ya kifua. Baba, na hili lazima lisemwe kwa haki, alilipa kila mwezi bila kukosa. Alilipa kiasi kilekile.

Dada hakupiga simu za matusi. Alinunua daftari la kaunta. Kila jioni baada ya kufunga genge aliandika, tarehe kushoto, kitu katikati, fedha kulia: nauli ya binti, tuisheni ya Jumamosi, viatu vyeusi jozi moja, dawa ya kifua, unga, mkaa. Risiti alizibana kwa pini kwenye ukurasa wake. Pasipo na risiti, maana mkaa wa kopo hauna risiti, aliandika jina la muuzaji. Mwaka 2022 alikwenda nalo mahakamani.

Safari ilikuwa imebadilika. Tarehe 6 Novemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua vituo jumuishi sita vya utoaji haki, vikiwemo viwili vya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke. Kile cha Temeke kikapewa kazi ya masuala ya familia: ndoa, talaka, watoto na mirathi, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu chini ya paa moja. Kwa mtu wa Tegeta maana yake ni kulivuka jiji kutoka kaskazini hadi kusini, kwa daladala ya alfajiri hadi Mwenge, kisha gari la Temeke kupitia Ubungo, Buguruni na Tazara. Nauli inauma, na siku ya kutajwa kwa shauri genge halifunguliwi. Ila mle ndani kuna faida ambayo aliyewahi kuhangaishwa kutoka jengo hadi jengo akifuata faili anaifahamu. Kila mtu kwenye benchi amekuja kwa ajili ya familia, na hakimu anayekaa mbele yao anasikiliza mambo hayo kila siku.

Dada alipopewa nafasi ya kuzungumza alianza na mwaka 2014, na mwanamke mwingine, na maneno aliyotukanwa mbele ya mawifi. Hakimu alimwacha kidogo, kisha akamkatiza kwa upole: “Mama, hiyo ndoa ilishavunjwa. Nieleze habari za watoto.”

Akalifungua daftari.

Lilipita kwa hakimu, likapita kwa baba. Baba aliligeuza kurasa polepole. Alipinga tuisheni, akisema hakushirikishwa. Viatu hakuvipinga, wala dawa. Alieleza kwamba ana mtoto mwingine sasa na mkewe hana kazi, na hayo sheria inayatambua. Alipoulizwa habari za duka la vifaa vya ujenzi alilofungua baada ya talaka alikiri kwamba lipo na linatembea. Dada alikuwa ameomba shilingi 250,000. Mahakama ilitoa 200,000, ikaagiza michango ya shule baba ailipe moja kwa moja shuleni, na gharama za matibabu zigawanywe nusu kwa nusu. Tuisheni ikaachwa mpaka wazazi waiafiki wenyewe.

Busara ya kutenga matibabu ilionekana mapema. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, kadi iliyokuwa ikipatikana kwa shilingi 50,400 kwa mwaka na ambayo wazazi wengi waliotengana walikuwa wameiandika kwenye makubaliano yao. Amri iliyosema tu “baba atalipa bima ya Toto Afya” ilibaki inaning’inia. Ile iliyosema “gharama za matibabu” iliendelea kufanya kazi. Mambo ya namna hiyo ndiyo sheria inayoyaita mabadiliko ya hali, na hayasababishwi na mzazi yeyote.

Baada ya shauri hilo, majirani walianza kumfuata dada na mwandishi kuomba ushauri, na kila nyumba ilikuja na sura yake.

Dereva mmoja wa watalii, mkazi wa Salasala, aliamriwa matunzo mazuri wakati kazi ikiwa imechangamka. Likaja janga la korona. Watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakashuka hadi takribani 620,000. Akaachishwa kazi. Kwa aibu akanyamaza, akabadilisha namba ya simu, akisubiri mambo yatengemae. Mzazi mwenzake alipokwenda kudai, deni lilikuwa limekua kila mwezi kama amri ilivyosema. Alipojitetea kwamba hakuwa na kazi aliulizwa kwa nini hakuja kusema hivyo siku aliyopewa barua. Swali lile lilimuumiza kwa sababu halikuwa na jibu. Amri huendelea kuhesabu mpaka hakimu aiguse. Laiti angekwenda mwezi wa kwanza, na barua ya kuachishwa kazi mkononi, sheria hiyohiyo iliyompandishia dada wa mwandishi ingemshushia yeye. Wanaume wengi hudhani mlango wa kubadilisha amri ni wa wanawake. Ni wa wote.

Mama mmoja wa Bunju alikuwa amesaini karatasi mbele ya wazee: anachukua mtoto, na hatadai chochote maisha yake yote. Alisaini kwa sababu hilo ndilo lilikuwa sharti la kuachiwa mwanawe. Alipofilisika alidhani amejifunga mwenyewe. Sheria ya Ndoa inasema mahakama inaweza kubadilisha makubaliano ya malezi au matunzo hata kama yenyewe yanasema hayabadilishwi, ilimradi iridhike kwamba ni haki na ni kwa ustawi wa mtoto. Matunzo ni haki ya mtoto, na mtoto hakuwepo kwenye kikao kile kusaini.

Kisha kuna wale ambao ndege imewachukua. Dar es Salaam imejaa mabibi wanaolea wajukuu ambao mama zao wanafanya kazi za ndani Muscat na miji mingine ya Uarabuni. Bibi mmoja wa Boko alikuwa na mjukuu aliyewekwa na mahakama chini ya mama. Mama alikuwa Oman mwaka wa pili. Baba alikuwa akiendelea kutuma fedha kwenye simu ya mama huyohuyo, nayo ikifika kwa bibi ikiwa nusu au isifike. Bibi aliamini hana sauti kwa sababu yeye si mzazi. Maneno “mtu yeyote mwenye maslahi” yanamhusu. Anaweza kuomba mtoto awekwe chini yake kwa muda na fedha ipite mkononi mwake, bila kumnyima binti yake nafasi ya kuomba tena atakaporudi.

Kwa nini basi wengi hawaendi? Hofu ya gharama ni sababu mojawapo, na ina tiba. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi watoa msaada, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko mitaani. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, wamekuwa wakiwasaidia watu wa namna hii Dar es Salaam kwa miaka mingi. Lugha nayo si kikwazo tena: mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Wala harudi mtu kwenye baraza la usuluhishi. Lile ni hatua ya kabla ya kudai talaka, na talaka ilishatoka.

Kinachohitajika ni nakala ya hukumu ya awali, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ushahidi wa kilichobadilika. Anayedai hali imekuwa ngumu aoneshe ugumu huo kwa karatasi: ujumbe wa miamala, barua ya shule, cheti cha hospitali, mkataba wa pango, barua ya kazi. Kama kuna jirani au mwalimu anayejua ukweli, aje. Na mpaka amri mpya itoke, ile ya zamani ifuatwe. Mama anayemficha mtoto kwa sababu fedha haijaingia, na baba anayezuia fedha kwa sababu hajaoneshwa mtoto, wote wawili wanajiharibia shauri lao, na katikati yao kuna mtoto anayekaa na njaa huku akimkosa mzazi mmoja.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi angependa lirekebishwe kwa nguvu zote, nalo ni nakala za hukumu. Watu wengi aliokutana nao hawana nakala. Waliondoka siku ile ya talaka wakilia au wakishangilia, na hakuna aliyewaambia kwamba karatasi ile wataihitaji. Mahakimu na makarani wakilitaja jambo hilo siku ya hukumu, na wakasema wazi kwamba amri ya watoto inaweza kuombwa ibadilishwe, watu wengi hawatalazimika kungoja ugomvi wa getini ndipo wajifunze.

Mwaka 2025 binti alitimiza miaka kumi na minane, na kwa sheria amri ya matunzo yake ilifika ukingoni. Mwaka huohuo akachaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni nyanda za juu kusini. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilishafutwa tangu 2022, lakini fomu ya kujiunga ilikuwa na orodha yake: godoro, ndoo, shuka, sweta, reki, viatu vya aina mbili, mchango wa shule, na nauli ya basi ya siku nzima. Sheria ya Mtoto inaruhusu matunzo yaendelee baada ya miaka kumi na minane kwa mtoto aliye bado masomoni au kwenye mafunzo, mahakama ikiombwa. Dada alikwishaanza kutafuta nauli ya Temeke.

Safari hii baba ndiye aliyepiga simu kwanza. Aliomba atumiwe picha ya fomu. Akasema godoro na nauli ni juu yake, na kwamba kama mama watoto yuko tayari waandike makubaliano, wayapeleke kwa hakimu yasajiliwe, yawe na nguvu ya amri mpaka binti amalize kidato cha sita. Walikutana siku ya Jumatatu kwenye kituo cha Temeke, yeye akitokea Chamazi na dada akitokea Tegeta, binti akiwa kati yao na bahasha yenye fomu. Katika makubaliano yale waliongeza kipengele kimoja ambacho hakuna aliyekitaka mwaka 2015: kila Januari watakaa wakague kiasi cha matunzo ya mvulana, na wasipoafikiana ndani ya mwezi huo, yeyote kati yao atarudi mahakamani.